Maneno ya Kiajemi na Watu wa Shirazi: Kutoka Kilwa hadi Kirumba

1.0 Utangulizi

Kirumba ni mji wa biashara katika eneo la Lubero, Kivu ya Kaskazini, kwenye barabara kuu itokayo Goma kwenda Butembo na Beni. Lugha ya nyumbani ya wakazi wengi wa sehemu hizo ni Kinande, na Kiswahili ni lugha ya soko na ya barabara. Msikilizaji makini wa Kiswahili hicho atakutana na maneno kama rangi, pamba, chai na sambusa. Atasikia pia watoto wakiitwa Bahati, jina lililoenea sana Kivu nzima. Maneno hayo yote, kwa njia moja au nyingine, yamepitia Uajemi. Hata hivyo, historia ya watu wa huko haina simulizi lolote la Mwajemi aliyeshuka merikebuni. Masimulizi ya Wanande huzungumzia mababu waliovuka mto Semliki kutoka upande wa Uganda.

Kwenye pwani ya Afrika Mashariki hali ni tofauti. Huko maneno hayo hayo yapo, na pamoja nayo lipo simulizi la wafalme waliotoka Shirazi, na wapo watu wanaojiita Washirazi hadi leo. Kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu wamekuwa wakiyafunga mambo hayo matatu, yaani maneno, nasaba na jina, katika furushi moja. Aliyeona neno la Kiajemi alidhani ameona mtu wa Kiajemi, na aliyesikia jina la Shirazi alidhani amepata hati ya uzazi.

Makala haya yanajaribu kulifungua furushi hilo. Yanadai kwamba damu, maneno na jina vilifika Uswahilini kwa njia tatu mbalimbali na katika nyakati mbalimbali, na kwamba kila kimoja ni ushahidi wa jambo lake tu. Kiswahili cha bara, ambacho kwa kawaida huachwa nje ya mjadala wa Washirazi, ndicho kinachosaidia kuliona jambo hilo kwa uwazi.

2.0 Taaluma ya Uajemi na Pwani ya Afrika

Taaluma inayochunguza watu wa Kiirani, lugha zao, historia yao na utamaduni wao ni pana kuliko nchi iitwayo Iran. Pamoja na Waajemi inawahusu Wakurdi, Wapashto, Watajiki, Waoseti na Wabulushi, kwa kuwa lugha zao ni za ukoo mmoja. Kazi yake kubwa katika karne ya 19 ilikuwa kusoma maandishi ya kale, hasa yale ya mwamba wa Bisutun yaliyofasiriwa na Henry Rawlinson. Katika karne ya 20 ilipata kamusi kuu yake, Encyclopaedia Iranica, iliyoanzishwa na Ehsan Yarshater katika Chuo Kikuu cha Columbia, ambayo sehemu zake za kwanza zilitoka mwaka 1982.

Pwani ya Afrika iliingia katika taaluma hiyo kupitia mlango wa Kilwa. Mwaka 1552 Mreno João de Barros alichapisha muhtasari wa historia ya wafalme wa mji huo. Maandishi mengine, kwa Kiarabu, yalinakiliwa mwaka 1877 kwa ajili ya John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja, na kuchapishwa na Arthur Strong mwaka 1895. Maandishi hayo mawili hayafanani kwa kila kitu. Yale ya Kiarabu yanasimulia juu ya sultani wa Shirazi na wanawe waliosafiri kwa merikebu saba, kila moja ikatia nanga mahali pake, zikiwamo Mombasa, Pemba, Kilwa na Nzwani. De Barros anasema kwamba Ali, mwanzilishi wa Kilwa, alikuwa mtoto wa sultani kwa mama mtumwa wa Kihabeshi, na kwamba alihama kwa sababu nduguze, waliozaliwa na mama wa Kiajemi, walimdharau. Aidha, simulizi linaeleza kuwa kisiwa cha Kilwa kilinunuliwa kwa nguo iliyotosha kukizunguka.

Waandishi wa enzi ya ukoloni, kama F. B. Pearce (1920) na W. H. Ingrams (1931), walilichukua simulizi hilo kama taarifa ya kawaida ya historia. Kutokana nalo walijenga picha ya himaya ya Kiajemi iliyoleta ustaarabu kwenye pwani tupu. Hata James Kirkman, aliyechimba magofu ya Gedi kuanzia mwaka 1948, aliandika katika kitabu chake cha 1964 kwamba majengo ya kale ya pwani hayakuwa ya Waafrika. Hoja hiyo ilitumikia utawala uliohitaji kuamini kwamba Mwafrika hawezi kujenga kwa mawe.

3.0 Ushahidi wa Ardhi na wa Mifupa

Jibu la kwanza lilitoka ardhini. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba kulikuwa na mji pale kabla ya nasaba ya Washirazi kutawala. Katika makala yake ya mwaka 1965 alidai kwamba watawala hao hawakutoka Uajemi moja kwa moja, bali walishuka kutoka pwani ya Banadiri baada ya kukaa huko kwa muda mrefu. Alimweka Ali bin al-Hasan, ambaye jina lake limo katika sarafu za Kilwa, karibu na mwaka 1200. Mwaka 1984 kulipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 huko Mtambwe Mkuu, Pemba. Sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan zilikuwamo, pamoja na dinari za Kifatimi za karne ya 11. Tarehe ya Chittick ikalazimika kurudishwa nyuma kwa zaidi ya karne moja.

Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate. Alikuta misikiti midogo ya miti iliyojengwa kuanzia karne ya 8, katikati ya kijiji chenye vyungu na nyumba za Kiafrika. Mji ulikua hatua kwa hatua kutoka udongo hadi matumbawe na chokaa, pasipo dalili ya watu wageni kuuvamia na kuujenga upya. Vipande vya vyombo vya rangi ya zumaridi kutoka Ghuba ya Uajemi vilikuwapo, lakini vilikuwa bidhaa.

Hata hivyo, ilikuwa kosa kuruka kutoka "Waajemi walijenga kila kitu" hadi "Waajemi hawakuwapo". Mihrabu ya Kizimkazi, Unguja, ina maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijiria, yaani 1107, na nakshi zake zinafanana na zile za Siraf, bandari kubwa ya Uajemi iliyopigwa na tetemeko la ardhi mwaka 977. Katika karne hiyo ya 10 nahodha Mwajemi, Buzurg bin Shahriyar, alikusanya visa vya mabaharia, na baadhi ya visa hivyo vinatokea katika nchi ya Zanji. Waajemi waliijua pwani, na njia ya bahari ilikuwa wazi.

Ushahidi mpya ulichapishwa mwezi Machi 2023 katika jarida la Nature na Esther Brielle na wenzake, wakiwamo Chapurukha Kusimba na David Reich. Watafiti hao walichunguza chembe za urithi za watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani, ikiwamo Manda, Mtwapa, Songo Mnara na Kilwa. Waligundua kwamba wengi wa watu wa pwani walipata zaidi ya nusu ya urithi wao kutoka kwa Waafrika, hasa upande wa wanawake. Sehemu iliyobaki ilitoka Asia, na asilimia 80 hadi 90 ya sehemu hiyo ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi. Kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 hivi, urithi mpya wa Kiasia uliongezeka kutoka Arabuni.

Matokeo haya yanahitaji kusomwa kwa tahadhari. Makaburi mengi yaliyochunguzwa yalikuwa ya watu wenye hadhi, waliozikwa karibu na misikiti, kwa hiyo hayawakilishi wakazi wote. Lakini jambo la msingi haliwezi kukanushwa: simulizi la Kilwa lilihifadhi kumbukumbu ya kweli. Wanaume wa Kiajemi walifika, wakaoa, wakazaa. Hata ile habari ya de Barros, ya mwana wa mfalme aliyezaliwa na mama Mwafrika, sasa inasomeka kwa jicho jingine.

4.0 Ushahidi wa Maneno

Kama wanaume hao walikuwapo, lugha yao ilikwenda wapi? Derek Nurse na Thomas Spear (1985), na baadaye Nurse na Thomas Hinnebusch (1993), wameonyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Sarufi yake haina alama ya Kiajemi. Chembe za urithi zinatoa sababu inayokubalika: mama walikuwa Waafrika, na mtoto hujifunza kusema kwa mama na kwa jamaa za mama. Baba aliacha nasaba. Mama aliacha lugha.

Maneno ya Kiajemi yaliyomo katika Kiswahili yalishughulikiwa na Bernhard Krumm katika kitabu chake cha 1940, na kwa upana zaidi na Abdulaziz Lodhi mwaka 2000. Yakichunguzwa moja moja, mengi yanaonekana kuwa hayakuletwa na Waajemi wenyewe. Yanaweza kugawanywa kwa njia yalizopitia.

Kundi la kwanza lilipitia Kiarabu. Bahati inatokana na bakht, bustani na bustan, bandari na bandar, diwani na divan. Maneno haya yalikuwa yameingia katika Kiarabu karne nyingi kabla, na Waarabu waliyapeleka kokote walikokwenda.

Kundi la pili lilipitia Bara Hindi, ambako Kiajemi kilikuwa lugha ya dola la Mughal na kikaendelea kutumiwa katika ofisi za Kampuni ya Waingereza hadi mwaka 1837. Mfano bora ni serikali. Katika Kiajemi, sar ni kichwa na kar ni kazi. Sarkar alikuwa msimamizi. Maana ya "utawala wa nchi" ilikua Bara Hindi, na ndiyo maana iliyofika kwetu. Bima nayo inatokana na bim, yaani hofu, lakini maana ya mkataba wa kujikinga na hasara ilikomaa miongoni mwa wafanyabiashara wa Kihindi. Sauti pia husaidia. Kiarabu hakina sauti ya p. Kwa hiyo neno pilau haliwezi kuwa limepitia katika Kiarabu fasihi, na pamba, ambalo kwa kawaida huhusishwa na panba la Kiajemi, haliwezi pia.

Kundi la tatu ni la bahari. Nahodha ni "bwana wa chombo" kwa Kiajemi, na serahangi, msimamizi wa mabaharia, ni neno la Kiajemi vilevile. Jambo kubwa katika kundi hili ni Nairuzi, mwaka wa jua wa mabaharia. Kalenda ya pwani ilihesabu siku 365 kwa miongo ya siku kumi kumi na siku tano za nyongeza, bila mwaka mrefu, sawasawa na kalenda ya kale ya Uajemi. Sherehe yake inaendelea Makunduchi, Unguja, kila mwezi Julai, kwa jina la Mwaka Kogwa. Lakini hata Nairuzi haikuwa mali ya Waajemi peke yao. Manahodha wa Kiarabu nao walihesabu siku za safari kwa Nairuzi. Ilikuwa hesabu ya Bahari ya Hindi nzima.

Kwa hiyo, pale Kilwa ambako Waajemi walifika, maneno yao ni machache. Na maneno mengi ya Kiajemi yalikuja baadaye, yakiletwa na Waarabu, Wahindi na mabaharia wa kila taifa. Wingi wa maneno haupimi wingi wa watu.

5.0 Kutoka Pwani hadi Kivu

Hoja hiyo inathibitishwa na safari ya Kiswahili kuelekea bara. Katika karne ya 19 kulikuwako pia watu wa Kiirani kwenye njia za misafara. Askari wa Sultani wa Unguja walikuwa Wabulushi kwa sehemu kubwa. Richard Burton na John Speke walipoondoka pwani mwaka 1857 walilindwa na askari wa Kibulushi waliotolewa na Seyyid Majid, nao wakafika Ujiji mwezi Februari 1858. Wasemaji wa lugha ya Kiirani walisimama ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, wakiitazama Kongo ng'ambo. Pamoja na hayo, lugha iliyovuka ziwa ikaenea haikuwa yao, bali ni Kiswahili.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alijenga makao yake Kasongo, Maniema, katika miaka ya 1870. Watu wake na wapinzani wake walifika hadi misitu ya Ituri, na mwaka 1889 msafara wa Henry Morton Stanley, wenye wapagazi wengi wa Kiunguja, ulipita bonde la Semliki. Baada ya vita vya 1892 hadi 1894 kuvunja nguvu za Waarabu Maniema, Kiswahili hakikuondoka nao. Johannes Fabian (1986) ameeleza jinsi utawala wa Wabelgiji, wamisionari na wenye migodi walivyokichukua na kukitumia. Butembo wenyewe ulianza kukua katika miaka ya 1920 pamoja na machimbo ya kampuni ya Minière des Grands Lacs. Katika mazingira hayo ya kambi, misheni na soko, maneno kama rangi na pamba yalipanda milima ya Lubero bila kuhitaji Mwajemi hata mmoja wa kuyabeba.

Lipo jambo jingine la kuzingatiwa. Katika Kiswahili cha kila siku cha Kivu, dola huitwa mara nyingi leta, kutokana na Kifaransa l'État. Neno la Kiajemi lililopitia India linashindana na neno la Kifaransa lililopitia Ubelgiji. Hakuna mwanahistoria atakayesema kwamba asemaye leta ni mjukuu wa Mfaransa. Kila mtu anaelewa kwamba neno hilo linaeleza nani alitawala, si nani alizaa. Kanuni hiyo iliyo wazi kabisa Kirumba ndiyo iliyosahauliwa na waliosoma maneno ya pwani kama orodha ya mababu.

6.0 Jina na Hatari Zake

Imebaki njia ya tatu, ile ya jina. Spear (1984) na James de Vere Allen (1993) wameonyesha, kila mmoja kwa namna yake, kwamba Ushirazi ulikuwa pia hoja ya kijamii: kwa kusema "sisi ni Washirazi" wenyeji walitangaza utangulizi wao na uungwana wao mbele ya waliokuja nyuma. Katika Unguja na Pemba za wakati wa ukoloni jina hilo lilipata uzito mpya. Serikali ilipanga watu kwa makabila katika sensa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili hata mgawo wa chakula ulifuata mafungu hayo. Jina likawa na thamani ya mchele. Mwaka 1957 Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi ziliungana, kikazaliwa chama cha Afro-Shirazi kilichoshika madaraka baada ya Mapinduzi ya 1964 na kudumu hadi kilipoungana na TANU mwaka 1977. Jina la chama lilikuwa na mwungano na mashaka pamoja: je, Mshirazi ni Mwafrika, au ni mgeni wa zamani?

Msomaji wa Kivu analijua swali hilo kwa sura nyingine. Sheria ya uraia ya Zaire ya mwaka 1981 ilimtaka raia wa asili athibitishe kwamba mababu zake walikuwa wa makabila yaliyokuwamo ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Swali la mwanahistoria likageuzwa kuwa swali la karani na la askari. Miaka 12 baadaye, mwaka 1993, damu ilimwagika Masisi na Walikale katika ugomvi wa wenyeji na wageni, na madhara yake hayajakwisha. Sheria ya 2004 iliisogeza tarehe hiyo hadi uhuru wa 1960, lakini tabia ya kupima haki ya mtu kwa umbali wa mahali alikotoka babu yake haifutwi kwa sheria peke yake. Nyuma ya tabia hiyo imesimama nadharia ya kikoloni ya "Wahamiti", iliyodai kwamba kila jambo bora katika Maziwa Makuu lililetwa na watu kutoka kaskazini. Nadharia hiyo na ile ya himaya ya Waajemi ya Pearce ni mapacha.

7.0 Hitimisho

Utafiti wa 2023 umewafurahisha baadhi ya watu na kuwaudhi wengine, kwa sababu pande zote mbili zimeusoma kama hukumu ya kesi ya zamani. Sivyo. Umethibitisha kwamba wanaume kutoka Uajemi waliingia katika nyumba za Waswahili miaka elfu moja iliyopita. Haukusema kwamba miji ilikuwa yao, wala kwamba lugha ilikuwa yao, wala kwamba kila anayejiita Mshirazi leo ni mjukuu wao. Mifupa inajibu swali la mifupa, maneno yanajibu swali la mawasiliano na madaraka, na jina linajibu swali la nani alitaka kutambuliwa kuwa nani, na mbele ya nani.

Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi ya kufanya hapa. Kamusi za Kiswahili huandika asili ya neno kwa kifupisho kimoja tu, kana kwamba neno huzaliwa mahali pamoja na kuhamia pengine kwa hatua moja. Inafaa kila neno lipewe njia yake yote, tangu lilikotoka hadi linakosemwa leo, na Kiswahili cha Butembo, Beni na Kirumba kiingizwe katika njia hiyo kama kituo kamili. Kwa kufanya hivyo, mtoto wa Lubero aitwaye Bahati ataweza kuelezwa kwamba jina lake limepita Uajemi, Arabuni, Unguja na Maniema, na kwamba hakuna hata kituo kimoja kati ya hivyo kinachopunguza wenyeji wake nyumbani kwake.